Mfalme wa Lamar na Kwaya ya Tirza Mpya

Jumamosi hiyo asubuhi Cortez Bledsoe alikuwa akiendesha gari kinyumenyume katika barabara ya Summer. Hakufanya hivyo kwa majivuno. Cutlass aliyoachiwa na babu yake, nyekundu kama pipi iliyolambwa, yenye rimu zilizong'aa kuliko sifa za mwenyewe, ilikuwa imepoteza gia zote isipokuwa ya nyuma, na Cortez alikuwa mtu wa kutumia alichobakiwa nacho. Katika maisha yake alikuwa ameuza saa zisizo na mashine ndani, tiketi za mechi zilizokwisha kuchezwa, na viwanja ambavyo kwa mujibu wa ramani ya serikali vilikuwa mto. Cutlass peke yake hakupata kuiuza, wala hakukusudia. Watu wa mtaa wake wa Orange Mound walikuwa na hakika kwamba angeuza figo kwanza, ikiwezekana ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila mpango uliompitia kichwani msimu ule ulianzia na kuishia kwenye giaboksi.

Kuendesha kinyumenyume kuna faida yake: dereva hulazimika kutazama. Cortez alitazama, akaona foleni ya wanaume wazima waliokalia viti vya kukunja mbele ya duka la santuri, wakiwa na blanketi na vikombe vya kahawa, mithili ya watu waliokimbia mafuriko. Alisimamisha gari kando ya mmoja wao, bwana mwenye sweta la bei na ndevu zilizochongwa kwa rula.

"Kaka, vipi? Wanagawa nini hapa?"

"Leo inatoka *Mfalme wa Lamar, Sehemu ya Pili*," alisema yule bwana. "Toleo la miaka ishirini na mitano. Santuri ya zambarau."

Ni lazima ielezwe hapa kwamba *Mfalme wa Lamar*, albamu ya kwanza ya rapa Playa Cornelius, iliwahi kupigwa katika kila gari la Memphis, mji wenye hiyo barabara ya Lamar, lililokuwa na betri. Sehemu ya pili ilipotoka, watu wale wale waliikataa, wakasema Cornelius amekwisha. Robo karne baadaye walikuwa wamekubaliana, bila kuirudia kuisikiliza, kwamba ilikuwa kazi ya kipaji kisicho na mfano.

"Kwa hiyo leo jioni ni kuisikiliza tu," alisema Cortez.

Yule bwana alimtazama kama aliyeulizwa iwapo atamchemsha mjukuu wake. "Kuisikiliza? Nikiifungua si itakuwa imefunguliwa?"

"Na ikishafunguliwa?"

"Inakuwa santuri tu."

Cortez akavua kofia. "Na hizo nyingine za nyumbani kwako?"

"Chumba kizima, ndugu yangu. Hakuna hata moja iliyoguswa na hewa." Akanyoosha mkono. "Daktari Thaddeus Wynn. Nanyoosha meno ya watoto, kule Germantown."

"Na hawa wenzako wote wako hivyo hivyo?"

"Sisi ni watu makini," alisema Daktari Wynn.

Wachinjaji, wauza magari yaliyotumika na wanasiasa wamehangaika tangu zamani kumpata mnunuzi ambaye hataangalia ndani. Cortez alikuwa ameipata foleni yake nzima, na ilikuwa na viti. Alimtakia daktari baraka, akaendelea na safari yake, mgongo mbele.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta santuri ambazo hakuna mtu duniani aliyezihitaji. Hizo alijua ziliko. Kanisa la Kibaptisti la Tirza Mpya, pale Orange Mound, lilikuwa na kwaya iliyorekodi nyimbo zake miaka ya themanini, ikachapisha santuri nyingi kwa imani na kuuza chache kwa uhalisia. Masanduku yalikuwa bado yamepangwa nyuma ya bwawa la ubatizo. Aliyeyalinda alikuwa Mama Earnestine Pettigrew, mama wa kanisa, mwanamke mwenye kofia nyeupe kubwa na sauti ya pili iliyokuwa ikitikisa vioo. Alikuwa na tamaa moja tu iliyobaki, na aliitaja katika kila kikao, kila msiba na kila harusi: kwaya ile isikike kabla waimbaji wake hawajaisha. Waliobaki hai walikuwa wanaenea kwenye sofa moja.

"Unazitaka zote?" aliuliza Mama Pettigrew.

"Zote, Mama. Kuna watu mjini humu hawajafikiwa na Neno."

"Nawajua. Mmoja kasimama mbele yangu."

"Nitawapelekea mpaka majumbani mwao."

"Watazisikiliza?"

Cortez aliweka mkono kifuani. "Mama, hao ni watu wanaolala nje ya duka kwa ajili ya santuri."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Uongo bora wa Cortez ulijengwa daima kwa matofali ya kweli.

Mama Pettigrew alikubali kwa sharti kwamba kazi ifanyike jikoni mwa kanisa, mbele ya macho yake. Sharti hilo lilimfaa Cortez kupita kiasi, kwa kuwa jikoni mle ndimo ilimokuwa mashine ya kubania plastiki kwa joto, iliyofunga sahani za kambare wa kukaanga, tambi na mkate mweupe ambazo kina mama waliuza kila Ijumaa. Majalada aliyatengeneza kwa mchapaji wa vijitabu vya mazishi, mtu hodari na wa bei nafuu ambaye kwa bahati mbaya hakujua namna nyingine ya kuchapa uso wa binadamu. Playa Cornelius alitoka akiwa amekunja uso, meno ya dhahabu nje, katikati ya mawingu meupe na mwanga laini ukimshukia utosini.

Mama Pettigrew alilishika jalada kwa mkono ulionyooka. "Marehemu huyu mbona anatukana?"

"Hajafa, Mama. Ni msanii."

"Basi mawingu ya nini?"

"Mchapaji kazoea."

"Na kwaya yangu inaingia ndani ya huyu?"

"Kama dawa ndani ya ndizi, Mama. Mwenye dhambi anaona sura anayoipenda, anameza, kumbe ni uzima wa milele."

"Hm," alisema Mama Pettigrew.

Waliomfahamu walijua kwamba "hm" ile ilikuwa hotuba kamili, yenye utangulizi na hitimisho. Cortez hakuisikiliza. Alikuwa akitoa maziwa ya zamani kwenye friji ili apate pa kupoza mashine. Kina mama walifunga santuri zote kwa ustadi, mshono upande wa kushoto, pembe zimekunjwa vizuri kama shuka za hospitali. Moja Cortez alimwachia Mama Pettigrew kama kumbukumbu, ikiwa imefungwa vile vile, na majalada yaliyozidi akayasahau juu ya kabati.

Duka la Summer lilikwisha kuishiwa mzigo siku ile ile ya foleni, na waliokosa walikuwa na huzuni ya kweli. Cortez akaiegesha Cutlass kinyumenyume upande wa pili wa barabara, akafungua buti, akasubiri. Wa kwanza kuja alikuwa Daktari Wynn, ambaye tayari alikuwa na mbili.

"Nimesikia una binamu kiwandani," alinong'ona daktari.

"Sijasema hivyo," alisema Cortez, ambaye alikuwa amewaambia watu sita.

Daktari aliigeuza santuri kwenye mwanga. "Haya mawingu hayapo kwenye zile za dukani."

"Ndiyo maana hizi haziko dukani."

Daktari aliitafakari hoja hiyo, akaiona nzito. Akasogeza pua. "Inanukia... samaki?"

"Wino, daktari. Siku hizi viwanda vinatumia mafuta ya asili."

"Aa," alisema Daktari Wynn, mtu aliyesoma miaka mingi. "Nipe nne."

Kabla wiki haijaisha, buti lilikuwa tupu na Cutlass ilikuwa na giaboksi mpya. Cortez aliiendesha mbele, kutoka barabara ya Park mpaka barabara ya Airways na kurudi, akawapungia mkono watu ambao kwa miezi walikuwa wameiona taa ya nyuma tu. Hadithi ingeweza kukomea hapo, na mpenda haki angelazimika kutafuta faraja mahali pengine. Lakini duka la santuri lilikuwa limemwalika Playa Cornelius mwenyewe aje kusaini.

Mfalme wa Lamar alifika akiwa na goti bovu, miwani ya kusomea na adabu nyingi. Mashabiki walipanga mstari, kila mmoja na santuri yake iliyofungwa, ili asaini juu ya plastiki. Cortez alikuwapo, akila karanga, kwa kuwa alipenda kutazama furaha aliyoisababisha. Daktari Wynn alitangulia kwa heshima, akaweka mezani moja ya zile zenye mawingu.

"He! Hii sijaiona," alisema Cornelius. "Nimetoka vizuri humu. Unajua kampuni haijanipa hata moja? Ngoja tuone."

Akaingiza ukucha kwenye mshono.

"Kaka mkubwa, usi—" alisema daktari.

Hakuna aliyekuwa amemwonya. Yeye alitengeneza santuri zamani wakati watu walizipiga. Plastiki ikachanika kwa sauti ndogo. Mwanamume mmoja kule nyuma alikaa chini sakafuni, na mwingine akamshika bega. Cornelius akaitoa santuri, nyeusi tii, akaiweka kwenye gramafoni ya duka na kushusha sindano.

Ikaja ogani. Kisha zikaja sauti za wanawake, pana na nzito, zikipanda ngazi moja baada ya nyingine, na chini yao wanaume wakishikilia kama nguzo. Ubeti ukaisha.

"Huyu si mimi," alisema Cornelius kwa uadilifu.

Cortez alikuwa tayari ameufikia mlango. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa, na moyoni alikwisha kuaga Tennessee, ndipo kijana mmoja mwenye fulana ya Cornelius alipopaza sauti iliyotetemeka:

"Kosa la kiwandani!"

"Wamechanganya!" alijibu mwingine. "Wameweka kwaya kwenye jalada la Cornelius! Mungu wangu, kosa la kiwandani!"

"Mwenye nayo asifungue! Asifungue mtu!"

Kwa watu wa kawaida, anayenunua mchele akakuta mchanga hurudi dukani na fimbo. Kwa wakusanyaji wa santuri, bidhaa iliyoharibika tangu kuzaliwa ni ya thamani kuliko ile iliyo sawa, mradi iliyoharibika ni chache na hakuna anayeigusa. Simu zilitoka mifukoni kwa pamoja. Katikati ya ghasia Playa Cornelius alikuwa amefumba macho.

"Huyo mama wa sauti ya pili," alisema taratibu. "Mnamsikia? Jamani, hii imenipita mbali. Mimi hii naondoka nayo."

Daktari Wynn alifungua mdomo, lakini hakuna mtu anayemdai Mfalme wa Lamar mbele ya watu. Cornelius akaondoka nayo kwapani.

Toka siku hiyo santuri ya mawingu ilitafutwa mpaka Uholanzi. Wataalamu waliandika kwamba ya kweli hutambulika kwa mshono wa kushoto na harufu hafifu ya kambare. Zile za zambarau, zenye Cornelius ndani, ziliangukia kwenye sanduku la vitu vya bei ya kutupa, na aliyezinunua alionekana mtu wa kuhurumiwa. Kwaya ya Tirza Mpya, ambayo jina lake Cornelius alilisoma kwenye kibandiko cha santuri ile, ikawa kwaya mashuhuri kuliko zote jimboni, na pia iliyosikika kidogo kuliko zote, kwa sababu kila santuri yake duniani, isipokuwa ya Cornelius, ilikuwa imefungwa ndani ya plastiki, na mwenye nayo angeikata shingo yake kabla ya kuikata.

Cortez hakuwa amejiwekea hata moja. Kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa jambo la kawaida, na kwa mara ya kwanza lilimuuma.

Daktari Wynn alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala.

"Nitafutie nyingine."

"Daktari, si ulichukua nne?"

"Tatu zilizobaki niliwauzia Waholanzi. Nilikuwa mjinga. Nitafutie moja, Bledsoe." Akataja kiasi ambacho atalipa, na Cortez akaomba radhi ili akanywe maji.

Ilikuwa imebaki moja. Cortez aliikuta jikoni mwa kanisa, imeegemezwa kwenye mtungi wa siki. Mama Pettigrew alikuwa akigeuza kambare kwenye mafuta.

"Nimeambiwa mpaka Uholanzi wanaitafuta kwaya yangu," alisema bila kugeuka.

"Umeona, Mama? Nilikuahidi."

"Uliniahidi watasikiliza. Hakuna anayesikiliza, Cortez. Umewazika wenzangu ndani ya plastiki wakiwa wanaimba."

Cortez alikubali kwamba jambo lile lilikuwa na sura nyingi, kisha akataja bei.

"Fedha sitaki."

"Basi sema unachotaka, Mama. Chochote."

"Nataka gari."

Kambare walilia kwenye mafuta. Cortez alicheka kidogo, peke yake.

"Waimbaji wangu wametawanyika," aliendelea Mama Pettigrew. "Ozella yuko Whitehaven. Wawili wako Frayser. Lavinia yuko kwa binti yake, ng'ambo ya mto. Kama dunia haifungui santuri, tutasimama tuimbe wenyewe, lakini hakuna wa kuwaleta wenzangu. Nataka ile nyekundu."

"Mama Pettigrew. Ile ni ya babu."

"Babu yako alikuwa akiimba sauti ya tatu hapa kanisani. Nadhani hatachukia."

"Nipe hii santuri leo, nikishalipwa nakununulia gari jipya kabisa, lenye kiyoyozi. Nikishalipwa tu."

"Nimezika waume wawili waliokuwa wanasema 'nikishalipwa'."

Cortez alitoka nje, akakaa ndani ya Cutlass. Akashika usukani. Alikumbuka babu yake akimfundisha kugeuza gari uani, mkono mmoja, kofia imeinama. Kisha akakumbuka kiasi alichokitaja daktari. Kwa fedha ile angeweza kununua Cutlass mbili, na hata ya babu angeirudisha kwa bei nzuri, maana kikongwe yule angechoka nayo kabla ya Krismasi. Mpango ulikuwa safi. Akarudi jikoni, akaichukua santuri, akaikagua kama fundi anayekagua kazi ya mikono yake. Mawingu, yapo. Mshono, kushoto. Akainusa: kambare. Akaweka funguo mezani, akageuza uso ili asimwone mtu akizichukua.

Huko Germantown Daktari Wynn alimpokea mlangoni, akamwongoza mpaka chumba chenye baridi, chenye rafu hadi darini. Katikati kulikuwa na gramafoni mpya, bado na karatasi ya dukani. Daktari alivaa glavu, akachukua kisu kidogo cha upasuaji.

"Daktari," alisema Cortez, "hicho cha nini?"

"Ninafungua."

"Unafungua?" Cortez aliruka akaiwekea mikono. "Wewe mtu makini! Itaguswa na hewa!"

"Tangu siku ile dukani silali, Bledsoe. Nina santuri elfu kadhaa humu na sijui hata moja inasemaje. Nataka kumsikia yule mama wa sauti ya pili mpaka mwisho." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ondoa mikono."

Plastiki ikachanika. Santuri ikateleza mkononi mwa daktari, ikang'aa chini ya taa: zambarau, safi, isiyo na doa. Daktari akaiweka kwenye gramafoni. Playa Cornelius akaanza kutaja magari aliyokuwa nayo, moja moja, kwa rangi.

Walisikiliza mpaka gari la saba.

"Hii ni ya kawaida," alisema daktari.

"Ni toleo la miaka ishirini na mitano," alijaribu Cortez.

"Ambalo limefunguliwa." Daktari akavua glavu. "Mlango unaukumbuka."

Cortez alirudi Orange Mound kwa mabasi mawili na miguu yake, santuri ya zambarau kwapani. Alipofika Park aliiona Cutlass ikija upande wake kwa mwendo wa jeneza, imejaa kofia nyeupe. Akajitupa mbele yake. Haikuwa ushujaa, gari lilichukua muda mrefu kumfikia, na likasimama.

"Mama Pettigrew, umenitapeli!"

Kioo kikateremka. "Soma hilo jalada, mwanangu. Linasema nani?"

"Playa Cornelius."

"Na ndani ulimkuta nani?"

Cortez aliihamishia santuri kwapa la pili.

"Mmh?"

"Playa Cornelius."

"Basi kati yetu wawili, ni nani aliyewahi kuuza kilichoandikwa nje?" Mama Pettigrew akaachia breki. "Kwaya yangu niliitoa humo kwenye plastiki. Wenzangu wanaitumia kukumbuka maneno. Huyo wako nilimwokota kwenye sanduku la bei ya kutupa, nikamvika mawingu uliyoyasahau juu ya kabati. Mashine unaijua. Sogea, tunachelewa mazoezi."

Cutlass ikaondoka, lakini kwa mwendo wa Mama Pettigrew kuondoka hakukuwa na tofauti kubwa na kubaki. Cortez alitembea kando ya dirisha akiteta. Aliteta kuhusu haki, kuhusu babu, kuhusu sheria za mali, kuhusu namna ya kubadilisha gia. Aliteta hadi njia panda ya Airways bila kutweta.

"Huyu anapumua saa ngapi?" aliuliza Ozella kutoka kiti cha nyuma.

"Wa sauti ya tatu wametuishia wote," alisema Lavinia.

Mama Pettigrew alisimama kwenye taa nyekundu, akamtazama Cortez kuanzia viatu. "Hm," alisema. "Gari hili litakuwa linakwenda mazoezini kila Alhamisi. Anayetaka kulipanda anaimba."

"Mimi siimbi, Mama."

"Basi tembea."

Cortez alilitazama gari la babu yake, vumbi la kwanza likiwa limeanza kutua kwenye rimu. Akafungua mlango wa nyuma, akajibana katikati ya kofia mbili.

Jumapili iliyofuata Tirza Mpya ilijaa mpaka kwenye ngazi. Playa Cornelius alikuja na santuri yake, akakaa karibu na ogani. Daktari Wynn alikaa kiti cha mbele kabisa, akalia tangu wimbo wa kwanza. Kwaya ilisikika, na waliokuwapo bado wanaizungumzia. Cortez Bledsoe alisimama safu ya nyuma ndani ya joho la marehemu fulani, kichwa juu, macho mbinguni, akifungua na kufumba mdomo kwa hisia kubwa bila kutoa sauti hata moja tangu mwanzo hadi amina. Baada ya ibada daktari alimfuata Mama Pettigrew na kumwambia kwamba wote waliimba vizuri, lakini yule wa sauti ya tatu ndiye aliyemvunja kabisa.